Naanza tiba ya mazungumzo wiki ijayo, mule ndani huwa kunafanyika nini hasa?

Mgeni_wa_Kiti

Habari zenu wakuu, naomba kuelimishwa na waliopitia au wanaofanya hii kazi.

Nna miadi na mwanasaikolojia wiki ijayo, mara yangu ya kwanza. Ni mtu mzima, nna mke na watoto, kazi ninayo, sijarukwa na akili (nasema mapema manake najua wapo watakaokimbilia huko). Shida yangu usingizi umekata, kila kitu kinanikera, kazini naenda mwili tu, na daktari aliyenipima akasema vipimo vyote viko sawa, nikaongee na mtaalamu wa mambo ya akili. Nikakubali, nikapiga simu, nikapangiwa siku.

Sasa tangu nipangiwe hiyo siku maswali hayaishi. Ataniuliza nini? Nikifika nikakosa cha kusema ndo tutakaa tunaangaliana mpaka muda uishe? Ananipa ushauri nifanye nini na maisha yangu au anasikiliza tu, manake kama ni kusikilizwa nna kaka yangu ananisikiliza vizuri tu na hanidai hata shilingi. Na nikishasema yanaenda wapi, si anaandika kwenye faili, je bosi wangu anaweza kuyapata? Alafu muda, kuna jamaa aliniambia ye yuko mwaka wa pili sasa anaenda, nikashtuka kidogo.

La mwisho, nna aibu ya kulia mbele ya mtu nisiyemjua. Mlioenda mlilia?

BintiSayari

Karibu kaka. Nianze na la kulia manake ndo jepesi.

Nililia, tena siku ile ile ya kwanza, na swali lililoniliza wala halikuwa zito. Aliniuliza tu "usiku usingizi ukigoma huwa unafanya nini?" nikawa namjibu kawaida kabisa kwamba naenda kukaa sebuleni gizani nasikiliza kama watoto wanapumua, nikashangaa sauti imekata katikati ya sentensi. Hakunishika bega, hakusema pole pole nyamaza, alikaa kimya akanisubiri. Boksi la tishu lilikuwa hapo hapo mkono wangu ulipo. Lakini pia nina rafiki kaenda miezi na miezi hajadondosha chozi na amepata nafuu vizuri tu, kwa hiyo usiende ukiwa unajipima kwa machozi.

Siku ya kwanza usitegemee kitu kikubwa, wengi wanaenda wakidhani watatoka wamepasuliwa jipu. Ni maswali tu, mengi, mengine yanachosha: kilichokuleta ni nini, kimeanza lini, kulala kukoje, kula, pombe, dawa unazotumia, familia yenu kuna mtu aliwahi kuumwa hivi, ulishawahi kutibiwa. Wengine wanakupa na fomu ujaze. Mi nilipewa ile ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja unajibu kati ya 0 na 3 kutegemea limekusumbua siku ngapi, wanajumlisha, juu kabisa ni 27. Swali la 9 linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba bora ungekufa au ya kujidhuru. Lisikutishe na usilijibu uongo. Wanamuuliza kila mtu, na ukisema ndiyo hawakubebi juu juu, wanakuuliza zaidi ili wajue ni wazo linalopita au una mpango.

Kukosa cha kusema nako usijali, mwambie hivo hivo, "sijui nianzie wapi". Hiyo wameisikia mara nyingi kuliko shikamoo.

Kitu ambacho hakuna aliyenidokeza ni kwamba jambo lenyewe hasa linatokaga dakika za mwisho. Unaongea kazi, unaongea majirani, unaongea mgongo unauma, alafu umeshasimama umeshika mkoba ndo unatamka "ah, nilisahau, baba amenitafuta baada ya miaka yote ile". Wangu aliangalia saa akasema "hilo ni zito na tumebakiwa na dakika 3, nataka tuanze nalo ukija tena". Nilikasirika, nikaona huyu kumbe anafanya biashara ya saa. Wiki iliyofuata kabla hata sijakaa sawa akaniambia "tuliishia kwa baba yako". Hapo ndo nikaelewa kwamba ule mpaka wa muda wanauheshimu makusudi, unajua kabisa kikao kinaanza saa fulani na kinaisha saa fulani hata ukiwa umefungua kidonda, na kwamba hakisahauliki.

Alafu utachoka. Mi nilikuwa nikitoka nataka kulala tu. Usijipangie kikao alafu nusu saa mbele una mkutano kazini, utaenda kuwafokea watu bure.

Chumba_cha_Pili

Mi nakaa kiti cha upande wa pili, kazi yangu ni ushauri nasaha kwa watu wazima, mmoja mmoja. Dada hapo juu kaeleza vizuri, naongezea yale aliyoyaacha.

Kuhusu kaka yako. Anakupenda, na hapo hapo ndo penye ugumu, manake ana upande. Ukimwambia unataka kuacha kazi ye anawaza wanao watakula nini, ukimwambia umemchoka mkeo anawaza shemeji yake. Na wewe ukiona sura yake imebadilika unayapunguza maneno, unasema nusu, mwisho unageuka wewe ndo unamtuliza yeye. Kwangu huna kazi ya kunilinda. Hutaniuliza na mimi siku yangu imeendaje, na ukiniuliza nitakujibu kwa kifupi tunarudi kwako. Watu wazima wengi, hasa wale wanaobeba familia, wanachukua wiki kadhaa mpaka wauzoee huo upande mmoja, wanahisi wanakosa adabu.

Ushauri wa fanya hiki acha kile utaupata kidogo, na wengi linawaudhi hilo. Mtu anakuja anasema niambie nimuache au nisimuache. Nikikuambia muache, atakayelala na hilo jibu ni wewe, na siku likiharibika utakuwa na mtu wa kumlaumu na hutakuwa umejifunza kuamua. Nitakuuliza umeshajaribu nini, unaogopa nini kikitokea, mara ya mwisho ulijisikiaje ulipoamua kitu mwenyewe. Ila siyo kwamba nakaa kama sanamu naitikia mh mh. Kuna mambo ya kufundishwa kabisa, mbinu za usingizi, namna ya kupumua hofu ikipanda, namna ya kusema hapana bila kugombana, na hayo nayasema moja kwa moja.

Kwa mfano kuna hii aina inaitwa tiba ya utambuzi na tabia, wengi wanaiita CBT, hiyo ina kazi za kwenda kufanyia nyumbani. Mteja wangu (nimebadilisha mambo asijulikane) alimtumia bosi ripoti, bosi akajibu neno moja tu, "Sawa." Jamaa hakulala. Tukachora safu kwenye karatasi. Kilichotokea: bosi kajibu sawa. Wazo lililokuja: amekasirika, nitafukuzwa. Unaliamini kiasi gani? Akaandika asilimia 85. Alafu ushahidi unaounga mkono hilo wazo, akakaa dakika nzima akaandika "hajaweka asante". Ushahidi unaopinga, akaenda kwenye simu yake akakuta bosi huyo huyo anawajibu watu wote "Sawa." tangu mwaka juzi. Akacheka mwenyewe. Akaandika tena, 30. Hakufika sifuri na mi sikumsukuma afike, sababu kufukuzwa kazi kupo duniani na ye analijua hilo. Akaenda kufanya hiyo karatasi nyumbani wiki nzima, siku nyingine alisahau, akarudi tukaangalia.

Siri. Unayosema yanabaki pale, na mtaalamu mzuri atakuelezea mipaka ya hiyo siri siku ya kwanza kabla hujaanza kufunguka, kama hajakueleza muulize wewe. Mipaka yenyewe kwa kawaida ni hii: ukiwa kwenye hatari ya karibu ya kujiua au kumdhuru mtu, kukiwa na mtoto anayefanyiwa ukatili, na mahakama ikiamuru. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi kwenye undani wake. Pia wengi wetu tuna msimamizi, mtaalamu mkubwa tunayempelekea kesi zinazotuchanganya, ila jina lako hatulitaji. Maandishi ndiyo tunaandika, na una haki ya kuuliza yanakaa wapi na nani anayaona. Bosi wako hana mlango wa kuingilia hapo. Isipokuwa kama anayelipa ni kazini kwako au bima, hapo uliza mapema kabisa ni taarifa gani zinaenda kwao, manake mara nyingi bima inataka kujua umehudhuria na tatizo linaitwaje, siyo mliongea nini.

Muda, kikao ni dakika 45 mpaka 60, wengi tunakaa kwenye 50, mara moja kwa wiki mwanzoni. Aina zenye mpangilio kama hiyo CBT mara nyingi zinaenda vikao 12 mpaka 20. Nyingine ziko wazi hazina mwisho uliopangwa, na huyo jamaa yako wa mwaka wa pili inawezekana yuko huko, siyo kwamba ana hali mbaya kukuzidi. Kuna uchambuzi wa mwaka 1986 wa Kenneth Howard na wenzake, walikusanya data za watu zaidi ya 2,400, wakaona kufikia kikao cha 8 kama nusu ya watu walikuwa na nafuu inayopimika, kufikia cha 26 ni kama asilimia 75. Kwa hiyo kikao cha pili ukijikuta uko vile vile usiseme imegoma.

Mzee_wa_Hoja

Mniwie radhi wataalamu ila mimi bado sijashawishika. Mtu hana usingizi, mnamkalisha kwenye kiti anaongea, analipa, anaondoka, anarudi tena wiki ijayo kuongea. Huo si umbea wa kulipia? Dawa inapimwa maabara, hii inapimwa na nani? Na huyo Freud wenu aliyeanzisha haya mambo, nasikia mengi aliyoyasema yameshatupwa. Alafu mtu akipata nafuu utajuaje siyo muda tu umepita, manake machungu mengi yanaishaga yenyewe.

Nusu_Daktari

Mzee swali lako la mwisho ndo swali zuri kuliko yote humu, na watafiti waliliuliza zamani sana. Niko nasoma saikolojia ya tiba kwa hiyo nivumilieni nikizidisha.

Njia ya kulijibu ni hivi, unachukua watu wenye tatizo moja, nusu wanapata tiba nusu wanasubiri, alafu unawapima wote, kwa hiyo kama ni muda tu ndo unaponya basi hata wale wanaosubiri watapona sawa sawa. Mwaka 1977 Mary Smith na Gene Glass walikusanya tafiti kama 375 za namna hiyo wakazijumlisha, wakakuta mtu wa kawaida aliyepata tiba yuko vizuri kuliko asilimia 75 hivi ya wale ambao hawakupata. Siyo muujiza, kuna watu hawapati kitu, na wengine kama asilimia 5 mpaka 10 wanatoka wakiwa wabaya zaidi, hilo nalo lisifichwe. Lakini siyo umbea.

Freud sawa, mengi yamepitwa. Ila hata ndani ya nyumba yake walikuwepo waliompima. Aaron Beck alisomea hiyo hiyo njia ya Freud, akataka kuthibitisha kwamba mtu mwenye sonona ana hasira aliyoigeuzia ndani, akaangalia mpaka ndoto zao, akakuta siyo hasira, ni mawazo ya kushindwa na kupoteza yanayojirudia rudia. Akabadili msimamo, na kwenye miaka ya 1960 hapo ndo ikazaliwa ile tiba ya karatasi ya bosi aliyejibu "Sawa". Kwa hiyo kupimana kupo.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba ukishindanisha aina kubwa kubwa za tiba, tofauti kati yao inakuwa ndogo kwa matatizo mengi, siyo yote, mfano mtu mwenye hofu ya kitu fulani anahitaji kukizoea hicho kitu kidogo kidogo, kukiongelea tu hakutoshi. Lakini kinachojitokeza karibu kila mahali ni uhusiano kati ya mteja na mtaalamu. Edward Bordin mwaka 1979 aliugawa huo uhusiano vipande vitatu, mnakubaliana mnaelekea wapi, mnakubaliana mtafanya nini ili mfike, na kuna kuaminiana. Watu wanadhani ni hicho cha tatu peke yake, kwamba ni mtu mpole ana sauti nzuri. Hapana, unaweza kumpenda sana mtaalamu wako na msiwe mnaelekea popote.

Na niseme kitu mleta mada akijue, tiba haibadilishi yaliyo nje. Kama kinachokukosesha usingizi ni bosi anayekunyanyasa kweli kweli, utajifunza kukabiliana naye au kuondoka, lakini bosi atabaki yule yule.

Mgeni_wa_Kiti

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mzee_wa_Hoja nakushukuru na wewe, umeuliza nililokuwa naona soni kuuliza.

Nimebaki na haya. Je nikifika nikamuona huyu mtu simuelewi, haendani na mimi, nafanyaje, naacha kimya kimya? Dawa je, anaweza kunipa ya usingizi? Na mke wangu anajua naenda, ila ameshaanza kuuliza kwa mzunguko "kwani utamwambia na mambo yetu?" sijui nimjibu nini.

Tumbili_Mtulivu

La kutoendana niachie mimi manake nimelipitia.

Wa kwanza wangu alikuwa mtu mwenye vyeti vyote ukutani. Tatizo lake kila nikisema kitu ye anacho cha kwake, nikisema mama yangu anaumwa ananisimulia mama yake alivyoumwa, simu ikitetema anaiangalia. Siku moja nilitoka nikajikuta najua habari za talaka yake yote, yangu haijaguswa. Nikaacha kimya kimya, nikakaa kitambo nikisema hii kitu hainifai. Baadae dada yangu akanisukuma nikaenda kwa mwingine, huyo mwingine kikao cha kwanza tu aliniuliza "ulishawahi kwenda kwa mtu kabla, na nini hakikukusaidia?" nikamwambia yote. Akaandika. Mwisho wa kikao akaniuliza leo nimeongea sana au kidogo? Nilipigwa butwaa, sikujua unaweza kuulizwa hivo.

Kwa hiyo ninachokuambia mkuu, jipe vikao vitatu vinne hivi kabla ya kuhukumu, cha kwanza unakuwa na woga tu huwezi kumpima mtu. Ila kama kuna kitu kinakukera kitamke pale pale mbele yake. "Naona unanikimbiza." "Ile kazi ya nyumbani naona ya kitoto." "Juzi ulivyocheka niliumia." Mi nilimwambia wa pili siku moja kwamba nahisi amenichoka, nikadhani atachukia, akaacha kila kitu akaniuliza niliona nini, lini, alikuwa amekaaje, tukaongelea hilo dakika zilizobaki zote. Kikao kile ndo kilinifungua kuliko vyote, manake nyumbani kwetu ukisema umeumizwa unaambiwa unadeka. Na ukiamua kuondoka ondoka, huna deni, lakini mwambie, anaweza hata kukuelekeza kwa mwenzake anayekufaa.

Chumba_cha_Pili

Naunga mkono asilimia zote. Mteja akiniambia sijamuelewa, ni nafasi ya kurekebisha, akiondoka kimya mi nabaki sijui na yeye anabaki anaamini hakuna tiba. Mwanzo mwanzo muulize pia, "unafikiri tatizo langu ni nini, na tutajuaje kama linapungua?" Akishindwa kukupa jibu linaloeleweka baada ya vikao kadhaa, una sababu ya kuwa na mashaka.

Ila kuna mambo siyo ya kujadiliana, ni ya kuondoka. Anayekutongoza au kukugusa kimapenzi, anayekukopa hela, anayekuajiri au kukuingiza kwenye biashara yake, anayekukataza usimwambie mtu yeyote kinachoendelea humo ndani, anayekuambia ukiacha utaharibikiwa. Hayo yanaripotiwa kwenye bodi inayompa leseni, na ndo maana kabla hujaenda uliza amesomea nini na amesajiliwa wapi. Ni swali la kawaida kabisa, asiyetaka kulijibu ameshakujibu.

Dawa, mwanasaikolojia na mshauri kwa kawaida hawaandiki dawa, anayeandika ni daktari, hasa daktari wa magonjwa ya akili. Siyo lazima uchague moja, wapo wengi wanaokunywa dawa na wanakuja kuongea, na kwa sonona kali vyote viwili pamoja mara nyingi vinasaidia kuliko kimoja. Kwa usingizi sugu lakini, ipo CBT ya usingizi peke yake, na madaktari wengi siku hizi wanashauri uanze na hiyo kabla ya vidonge. Ina masharti yatakayokushangaza, kama kupunguza muda wa kukaa kitandani badala ya kuuongeza, na kutoka kitandani usingizi usipokuja badala ya kulala unaangalia dari. Wiki za mwanzo unachoka zaidi, uambiwe mapema usije ukaikimbia. Muulize mtu wako kama anaifanya.

Mkeo sasa. Usimdanganye kwamba hutamtaja, utamtaja, mtu mzima hawezi kuongelea usingizi wake bila kumtaja anayelala naye. Mwambie hivo, na mwambie kwamba kule hakuna anayekaa kutoa hukumu nani mkosaji, mimi sijawahi kumuona mwenza wa mteja wangu na siwezi kumhukumu mtu kwa simulizi ya upande mmoja. Kama baadae ikionekana shida iko kati yenu zaidi kuliko ndani yako, ipo tiba ya wawili, na mara nyingi inafanywa na mtaalamu mwingine ili mkeo asione anaingia kwenye chumba ambacho wewe umeshazoeana na mwenyeji.

BintiSayari

Hapo kwa mke niongeze la kike. Mume wangu kila nikirudi alikuwa anauliza "haya, mmeongea nini leo?" na alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa, ila nikimsimulia yote naona kitu kimepungua nguvu, nisipomsimulia ananuna. Tukakubaliana mi ndo nitaanzisha nikiwa tayari, na siku ya kikao asiniulize mpaka kesho yake. Imefanya kazi. Kuna mengine nimemwambia miezi baadae na kuna mengine sijamwambia mpaka leo na tunaishi.

Na ukighairi miadi ghairi mapema, wengi ukighairi ndani ya saa 24 unalipa hivo hivo, mi sikuuliza nikaja kuona kwenye bili.

Mzee_wa_Hoja

Haya, wa tafiti 375 umenifunga mdomo kiasi, nitazisoma. Basi nina swali, hii inafanyika kwa simu au kwa video? Ninakoishi mtaalamu wa karibu ni safari ya siku nzima. Na kuna kikomo cha umri? Mi nimeshastaafu.

Nusu_Daktari

Umri hapana mzee wangu, tafiti kwa wazee zipo na wanapata nafuu, sonona siyo sehemu ya uzee hata kidogo ingawa watu wengi wanaichukulia hivo na wazee wenyewe wanavumilia.

Video inafanyika, na kwa sonona na wasiwasi matokeo yake kwenye tafiti nyingi yanakaribiana na ya ana kwa ana. Angalia tu mtaalamu awe anaruhusiwa kumhudumia mtu aliyeko huko uliko, leseni nyingi zina mipaka, na mwanzoni atakuuliza uko wapi kimwili na nani wa kupigiwa ikitokea dharura, mpe, siyo udaku. Alafu tafuta chumba chenye mlango unaofungwa na vaa earphone, wengine wanaenda kukaa ndani ya gari wakiwa wameliegesha, hiyo nayo inafaa. Wajukuu wakiwa sebuleni hutaongea chochote cha maana, utaongelea mvua.

Mzee_wa_Hoja

Gari ninalo. Nitumie inbox maneno ya kuulizia hiyo leseni, nisije nikauliza kienyeji.

Nusu_Daktari

Nimekutumia. Hayana ufundi wowote, ni sentensi mbili tu.